Kabla ya mashine ya matone, tuchore vipuri vyetu

Kuna video inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam. Mdomo mdogo wa kauri unadondosha alumini iliyoyeyuka, tone juu ya tone, kwa kasi kiasi kwamba jicho linaona uzi mmoja unaong'aa. Chini yake kifuniko cha vali kinaota chenyewe, bila kalibu, bila mchanga, bila mtu kushika kitu. Aliyeirusha ameandika: "Mafundi, tafuteni kazi nyingine." Vijana wa karakana yangu wameitazama mpaka bando likakata. Mmoja akaniletea simu hadi kwenye mashine: "Mzee, hii si inatumaliza?"

Haitumalizi, na nitaeleza kwa nini. Ila najua wapo wengine wanaoitazama video hiyohiyo wakiwa na swali tofauti: wakuu wa vyuo, wakurugenzi wa taasisi, watu wenye mafungu ya bajeti. Wao wanajiuliza kama waiagize. Kwao pia jibu langu ni hapana, angalau kwa sasa. Tunachokosa zaidi katika nchi hii ni michoro ya vipuri vyetu, na hakuna mashine, iwe ya matone, ya leza au ya kuzungushwa kwa mkono, inayotengeneza kitu ambacho hakuna aliyekichora.

Nasema haya kama mkerezaji. Nilifundwa kazi kwenye karakana ya reli, nikaenda baharini kama fundi wa chumba cha injini kwenye meli za mizigo za mwambao, na nilipochoka na mawimbi nikanunua lethi kuukuu nikapanga chumba Gerezani. Maisha yangu yote yamekuwa ya kutafuta spea, na ikikosekana, kuitengeneza.

Mashine yenyewe inastahili heshima. Karibu na mji wa Buffalo, jimbo la New York, kijana wa miaka 19 aitwaye Zack Vader alitaka vipuri vya tabaini ndogo aliyokuwa akiibuni, akakuta printa za metali zilizokuwa sokoni ni ghali kupita uwezo wake. Yeye na baba yake Scott, ambaye ni injinia wa mitambo, wakaanza majaribio nyumbani kwao, na 2013 wakafungua kampuni, Vader Systems. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Buffalo, akiwemo Profesa Edward Furlani, wakashirikiana nao kuifanyia hesabu ile fizikia ya tone.

Waya wa alumini, unaofanana na ule wa kuchomelea, unaingizwa kwenye chungu kidogo cha kauri. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na humo ndani joto hupandishwa kupita hapo ili metali iwe laini kama maji. Chungu kimezungushiwa koili. Umeme unapopigwa kwenye koili kwa mapigo mafupi, nguvu ya sumaku inayozaliwa huamsha mkondo wa umeme ndani ya alumini yenyewe. Mkondo huo ukikutana na sumaku, metali inabanwa kutoka pande zote kuelekea katikati, na pa kutokea ni pamoja tu: tundu la nozeli lenye upana wa karibu nusu milimita. Ni kama mkamuaji anavyominya chuchu ya ng'ombe, mminyo mmoja tone moja, isipokuwa mkono huu haugusi kitu na unaweza kuminya hadi mara 1,000 kwa sekunde. Ndani ya chungu hakuna pistoni wala vali ya kuungua. Hapo ndipo penye ubunifu wote.

Kazi ngumu huanza tone likishatoka. Alumini ina tabia ambayo kila aliyewahi kusubu anaijua: ikigusana na hewa hujivika utando wa oksaidi, na utando huo hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Tone likijivika utando kabla ya kulishika la chini yake, mawili yatakaa pamoja bila kuungana, na siku ya siku kipuri kitapasukia hapohapo. Ndiyo maana gesi ya agoni inapulizwa kuzunguka nozeli kufukuza hewa, na sahani ya chini inapashwa kwa mamia ya nyuzi ili tone linaloanguka likute lililotangulia bado lina moto. Joto likipungua unapata kipuri chenye mianya. Likizidi, kona zinalegea na umbo linapotea. Fundi wa kalibu anayatambua matatizo haya yote kwa sura.

Sifa kubwa ya njia hii inaonekana ukiilinganisha na printa nyingine za metali, zile zinazotandaza unga mwembamba na kuuyeyusha kwa leza. Zile zinatoa vipuri vya usahihi mkubwa, lakini unga wa alumini ni hatari: ukitimka hewani na kupata cheche hulipuka, na mhudumu lazima avae barakoa na nguo maalumu. Waya hauna mambo hayo. Unakaa kwenye rafu, unashikwa kwa mkono mtupu, haulipuki.

Kampuni kubwa ya Xerox iliona faida hiyo, ikainunua Vader Systems 2019 na kuitoa mashine kwa jina la ElemX. Mwishoni mwa 2020 moja ilifungwa kwenye chuo cha Naval Postgraduate School, Monterey, California. Julai 2022 Jeshi la Wanamaji la Marekani likaipandisha nyingine kwenye meli ya kivita USS Essex, ikajaribiwa baharini wakati wa mazoezi ya kijeshi ya RIMPAC huko Hawaii. Vitu vilivyotajwa kwamba ingeweza kuvitengeneza ni vya kawaida kabisa: vifuniko vya vali, viungio vya mfumo wa mafuta, vipozeo, maboksi ya kufungia vifaa.

Mtu ambaye hajawahi kulala nanga kwa kukosa spea anaweza kuona hayo ni makeke ya kijeshi. Mimi nilielewa mara moja. Safari moja, bodi ya pampu ya maji ya jenereta yetu ilipasuka tukiwa tumekaribia bandari moja ya kusini. Bodi ya alumini, kitu cha kubebeka kwa mkono mmoja. Wakala akaagiza Ulaya. Meli ikalala na shehena yake ya saruji, nahodha akipiga hesabu za hasara kila jioni, sisi chumba cha injini tukisubiri boksi dogo lipande ndege mbili na lori moja.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba pale bandarini palikuwa na fundi anayesubu alumini vizuri kabisa. Tulimfuata. Akatuuliza swali moja tu: vipimo viko wapi? Bodi ilikuwa vipande, na kipande kimoja kilikuwa kimezama kwenye uchafu chini ya injini. Hatukuweza kumwambia kitako cha beringi kilikaa umbali gani kutoka tundu la boliti. Tulikuwa na kitabu cha kuagizia vipuri, chenye picha nzuri na namba ya kila kipuri, lakini kitabu kile hakikuwa na kipimo hata kimoja. Kiliandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Fundi akatupa pole, akarudi kwenye sufuria zake.

Sasa chukua mashine ya USS Essex uiweke kwenye sitaha yetu siku ile. Ingefanya nini? Ingesubiri boksi la Ulaya pamoja nasi. Mashine ile inasoma faili lenye umbo zima la kipuri, upana wa kila ukuta, mahali pa kila tundu. Mwenye faili anatengeneza kipuri kwa tone, kwa kusubu, au kwa kuchonga bonge zima kwa mashine. Asiye na faili anabaki na namba ya kuagizia.

Kwa vijana wangu waliotishwa na video, nirudi kwenye swali lao. Kwanza, mashine iliyofika sokoni inafanya kazi na alumini. Chuma cha pua huyeyuka kwenye nyuzi takriban 1,400 hadi 1,500, na kupata chungu na nozeli vya kuhimili joto hilo kazi nzima bila kuliwa ni mtihani mwingine kabisa. Angalieni kinacholetwa kwetu kila asubuhi: shafti, gia, bushi za shaba, puli za chuma cha kusubu. Alumini ni sehemu ndogo ya kapu. Pili, tone la nusu milimita linaacha uso wenye mikunjo, wakati kitako cha beringi kinadai usahihi wa sehemu za mia za milimita. Kipuri kikitoka kwenye matone kinakwenda kwenye lethi, kinatobolewa, kinakatwa nyuzi. Wale wanaorusha video hukata mwisho wake kabla ya kufika kwa mkerezaji. Tatu, ukitaka vipuri 200 vya aina moja, mchanga na kalibu vinaishinda mashine kwa bei. Yenyewe inashinda pale unapotaka kimoja au viwili, kwa sababu haikulazimishi kuchonga mfano wa mbao kwanza.

Kwa hiyo anayepaswa kuogopa ni fundi asiyejua kusoma mchoro. Na hapa lazima nituseme sisi wenyewe wa Gerezani, maana tuna utaratibu ambao tunauita ujuzi na unatugharimu.

Mteja anakuja na kipuri kilichochakaa. Tunakipima kwa venia, tunakereza kingine kinachofanana nacho, tunalipwa, tunakitupa cha zamani kwenye skrepa. Tumepima nini? Tumepima uchakavu. Shafti iliyoliwa robo milimita tumeinakili ikiwa imeliwa robo milimita, au tumekisia ilikuwaje ilipokuwa mpya. Mwaka unaofuata kile tulichotengeneza kinachakaa, kinapelekwa kwa fundi mwingine mtaa wa pili, naye anainakili nakala yetu pamoja na makosa yake. Baada ya mizunguko kadhaa pampu inatetemeka na kila mtu anailaumu spea ya kienyeji. Hakuna karatasi iliyobaki popote. Nimezika mafundi waliokuwa wakizijua pampu za mashamba ya mkonge ya Tanga kwa kichwa, na vichwa vile vimekwenda na kila kipimo.

Tatizo la pili ni metali yenyewe. ElemX ilitumia waya wa aloi inayoitwa 4008: alumini yenye silikoni kama asilimia 7 na magnesiamu kidogo. Silikoni inaifanya itiririke vizuri na isipasuke inapoganda. Aloi za familia hiyohiyo ndizo zinazosubiwa rimu nyingi za alumini za magari, zile zinazorundikwa kwenye skrepa zetu. Kwa hiyo malighafi nzuri tunayo, imelala Gerezani, na hata kwa majirani zetu wa Kamukunji, Nairobi. Lakini sisi tunaitupa rimu kwenye chungu kimoja na pistoni, yenye silikoni nyingi zaidi na shaba ndani yake, pamoja na makopo ya soda, nyaya, na vipande vya redieta vyenye risasi ya kulehemu. Kinachotoka hakina jina.

Madhara yake hayaishii kwenye vipuri. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya kupikia vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Walichemsha ndani yake asidi hafifu inayofanana na siki. Vyombo 15 kati ya hivyo vilitoa risasi ndani ya kimiminika. Sufuria ya familia inapikiwa mchuzi wa nyanya na ndimu, na aliyeisubu hakuwa na njia ya kujua alichochanganya. Mafundi wa nchi yoyote wasiojua mchanganyiko wa metali yao hawawezi kuaminiwa kipuri cha kivuko, hata wawe na mikono ya dhahabu.

Nasikia hoja ya wapenda kasi: Afrika inaruka hatua. Tuliruka simu za waya tukaenda za mkononi, basi na viwanda vya karne iliyopita tuviruke, twende moja kwa moja kwenye matone. Hoja hii ni tamu na ina ukweli nusu. M-Pesa ilipoanza Kenya 2007 na Tanzania 2008, ilikuta mambo mengi yamekwishawekwa na watu. Ilikuta fedha ambayo kila mmoja anaikubali, ilikuta mtu mwenye jina na namba, na zaidi ya yote ilikuta duka la Mangi kila kona, lenye mtu anayejua kuhesabu na kutunza daftari. Iliruka benki, lakini haikuruka daftari. Katika ufundi wa metali daftari letu ni mchoro, na bado halijaandikwa.

Historia nayo inatuonya. Mang'ula, mkoani Morogoro, Wachina waliojenga reli ya TAZARA walituachia karakana ya mashine. Machame, mkoani Kilimanjaro, tulijenga kiwanda cha kutengeneza mashine, KMTC, kwa msaada wa Bulgaria. Vyote viwili vilikuwa na mashine za kuchonga ambazo mkerezaji anazitamani, na vyote vilipitia miaka mirefu ya ukimya. Sababu zilikuwa nyingi, za uongozi, za soko na za sera. Kwa mtazamo wa mtu wa karakana, mojawapo ni kwamba tulipokea mashine kabla ya kujijengea orodha ya vitu ambavyo mashine hizo zingetutengenezea mwaka baada ya mwaka. Tuliishi kwa mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni aliondoka.

Na wageni wa teknolojia huondoka upesi kuliko tunavyodhani. Xerox, kampuni yenye jina ambalo dunia nzima inalijua, haikukaa sana kwenye biashara hii: 2023 iliuza kitengo chote cha ElemX kwa kampuni ndogo ya Florida, ADDiTEC. Huenda mashine ikapata malezi bora zaidi kwa mwenye mapenzi nayo. Lakini jiweke kwenye viatu vya chuo cha hapa kwetu ambacho kingeinunua 2021 kwa fedha za mkopo. Alumini iliyoyeyuka hula vitu vingi inavyovigusa, kwa hiyo nozeli na chungu ni vitu vya kubadilishwa mara kwa mara. Kuna programu ya kusasishwa, kuna agoni ya kununuliwa, kuna umeme usiotakiwa kukatika katikati ya kazi. Mashine ya kutengeneza vipuri nayo ina vipuri vyake, na wa kumpigia simu ya udhamini amebadilika jina.

Basi tufanye nini? Ninayo mapendekezo, na hakuna hata moja linalohitaji mgeni rasmi.

La kwanza ni kanuni ambayo mkurugenzi yeyote anaweza kuitoa kesho kwa barua ya ukurasa mmoja. Kipuri kipya kinachotoka kwenye boksi, kabla ya kufungwa kwenye mtambo, kipite mezani kwa mchoraji. Kipimwe kikiwa kipya, kwa venia na maikromita, kichorwe, kiandikwe ni cha metali gani na ugumu wake, ndipo kikafungwe. Mamlaka za maji zinabadilisha impela na bushi kila mwaka. Reli za TRC na TAZARA zina vifaa vya breki, TEMESA ina vivuko, viwanda vya sukari vina minyororo na roli. Kila kipuri kinachoingia nchini ni somo ambalo tumelilipia dola, na tunalifunga kwenye mashine bila kulisoma.

La pili ni la mikataba. Serikali inaponunua pampu, kivuko au jenereta, zabuni idai michoro ya sehemu zinazochakaa na haki ya kuzitengeneza kwa matumizi ya mnunuzi mwenyewe. Tunayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inayotaka wazalishaji wa ndani wapewe nafasi. Mzalishaji wa ndani asiye na mchoro anapewa nafasi gani? Siku ya kununua ndiyo siku pekee ambayo muuzaji yuko tayari kubembeleza. Baada ya hapo tunabembeleza sisi.

La tatu, michoro hiyo ikae mahali pamoja panapofunguka. TEMDO pale Arusha kazi yake ni usanifu wa mitambo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi mikoani ambako mafundi wenyewe wapo. Mchoro uwe na namba, tarehe na jina la aliyeupima, na ukirekebishwa, toleo la zamani liondolewe kwenye matumizi. Shirika la viwango, TBS, lipime sampuli na kugonga mhuri. Fundi wa Gerezani, wa Mwanjelwa au wa Songea aweze kulipia ada ndogo na kuupata kwenye simu yake.

La nne, kila mahali palipo na wasubu wengi pawepo kifaa cha kusoma mchanganyiko wa metali, kikae SIDO au chuo cha ufundi cha VETA, na mtu alete kipande chake asomewe kabla ya kuyeyusha. Rimu zikae peke yake, pistoni peke yake, redieta zisikaribie chungu cha sufuria. Hili lisingoje printa yoyote, linahusu matumbo ya watoto.

Wapo watakaouliza kama kuchora kipuri cha mwenzio si wizi. Kuna vipuri vyenye hataza hai, na hivyo tuviheshimu au tulipie leseni. Lakini hataza ina mwisho wake. Mitambo mingi inayotuhangaisha ni ya umri wa wajukuu wangu na zaidi, mingine imeundwa na kampuni ambazo zimeshafungwa na hakuna hata wa kuandikiwa barua ya kuomba ruhusa. Wanasheria watupangie mstari ulipo. Kazi yao hiyo ni rahisi zaidi kukiwa na orodha ya vipuri mezani kuliko kukiwa na hofu.

Sisemi tuisahau teknolojia. Januari 2024 watafiti wa MIT, kwenye maabara yao ya Self-Assembly Lab, walionyesha njia jirani na hii: alumini iliyoyeyuka inamiminwa kwa nozeli ndani ya kitanda cha shanga ndogo sana za kioo, na fremu ya kiti au meza inakamilika kwa dakika chache. Ni kazi ya mikunjo, haina usahihi wa kipuri cha injini, nao wenyewe wanasema wamekubali kupoteza usahihi ili wapate kasi na ukubwa. Lakini wana nia ya kutumia alumini iliyorejelezwa. Hiyo naifuatilia, kwa sababu siku mtu atakapoweza kuilisha mashine rimu zilizochambuliwa vizuri, Gerezani itakuwa na kitu ambacho Monterey haina kwa wingi.

Chuo chochote kikitaka kujua kama kimefika wakati wa kununua, kijiulize maswali haya. Je, kina michoro iliyopimwa na kuthibitishwa ya vipuri vya alumini ambavyo wateja wa kweli wanavihitaji kimoja kimoja? Je, kina mtu wa kukata sampuli ya kilichotoka na kuangalia kama matone yameungana? Je, kina lethi na mashine ya kuchonga za kumalizia kazi, na wa kuzitumia? Jibu likiwa ndiyo kwa yote, kiagize, na mimi nitakuja kuomba kujifunza. Likiwa hapana hata kwa moja, fedha hiyo inunue maikromita, meza za kupimia, kompyuta za kuchorea, na mshahara wa mwalimu wa kuchora ambaye hajaajiriwa.

Vijana wa karakana yangu nimewapa sharti jipya, na wamenuna kidogo. Hakuna kipuri kinachotoka mlangoni bila mchoro wake kubaki kwenye faili, wenye kipimo cha mpya na cha kilichochakaa, na jina la metali kama tunalijua. Anayesema hana muda wa kuchora namkumbusha kwamba muda wa kukisia anao kila siku. Wateja wawili wameshaanza kuomba nakala, na mmoja yuko tayari kuilipia. Kwa bei aliyoitaja, mchoro wa bushi unakaribia kuwa na thamani ya bushi yenyewe, na haukutumia hata gramu moja ya shaba.